Miaka Miwili Bila Chumvi

Chumvi ya nyumbani kwetu niliimwaga kwa mikono yangu mwenyewe. Nilichukua kopo zima, nikaenda kulikung'utia shimoni nyuma ya banda la ng'ombe, kisha nikalisuuza na kuweka humo majani ya chai ili mtu asije akajisahau. Baba alisimama mlangoni akinitazama. Mama alikuwa jikoni kwenye kigoda chake, sweta la mtoto wa shule likiwa mapajani, akasema, "Haya, tumepata askari." Nilicheka. Siku ile nilijiona mtu wa maana sana, na leo nikikumbuka kile kicheko natamani kujizaba kibao.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Kahawa, iliyokuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake, sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye lori na mzani, na bei ikashuka mpaka baba akang'oa nusu ya mibuni ya kihamba chetu, shamba la ukoo kule Kibosho, akapanda nyanya. Kiwanda cha mjini nilikofanya kazi kiliuzwa, na sisi tulioajiriwa mwisho tukawa wa kwanza kupunguzwa. Nikafungasha vitu vyangu katika chumba nilichopanga Majengo, Moshi mjini, nikapanda mlima kurudi kwa wazazi nikiwa na miaka ishirini na saba, sina mume, sina kazi, nina hasira za bure. Wadogo zangu wawili wa kiume walikuwa Dar wakitafuta maisha. Nyumbani tulikuwa watatu tu.

Mama alikuwa mfumaji. Kwa miaka mingi watoto wa shule mbili za jirani walivaa masweta yake ya kijani, na kila ilipokaribia miezi ya baridi wazazi walijaa barazani kwetu kupimisha watoto mabega. Alifuma akitembea, alifuma akisubiri zamu bombani, alifuma kwenye mikutano ya jumuiya mpaka padri akamtania kwamba atafuma hata siku ya kiama. Kisha marobota ya mitumba yakaingia mjini, na sweta lililotoka Ulaya likauzwa kwa bei isiyofikia hata ya uzi wa mama. Watu wakaacha kuagiza. Yeye hakuacha kufuma. Alifumua masweta ya zamani akayafuma upya. Tulivaa sisi, yakavaa makochi, mwisho hata redio ya baba ikavalishwa.

Ugonjwa wenyewe tuliuona kwenye sweta. Alikuwa akimfumia baba, na siku moja nikalinyanyua nikaona mkono wa kushoto umekwenda upande, vitanzi vimepungua safu baada ya safu. Mtu ambaye angeweza kufuma akiwa amefumba macho! Nilipomwuliza alisema kichwa kinamgonga kisogoni na macho yanaona vimulimuli, ila hakutaka kutusumbua. Nikamteremsha hospitali mjini. Wakampima mara tatu, wakatazamana. Ilikuwa presha, tena ya kutisha.

Nesi aliyetupokea alikuwa dada mpole, mwenyeji wa mikoa ya kusini, hata mwaka hajamaliza Moshi. Alinikalisha akaniandikia karatasi kwa mwandiko mzuri: chumvi marufuku, mafuta kidogo, nyama mara mojamoja, ale maharage, ndizi, mboga za majani na matunda, anywe dawa kila siku, asikasirishwe. Akaniambia, "Dada, dawa peke yake haitoshi. Maisha ya mama yako yako jikoni kwako." Nilirudi na maneno hayo kifuani. Nilikuwa nimepoteza kazi, sasa nimepewa kazi nyingine, na hii niliapa sitaipoteza.

Nikawa mpishi. Karatasi niliibandika ukutani jikoni kwa uji mzito, nikaanza kupika kama niliyetumwa na serikali. Mtori wa ndizi niliupika bila samli, nikautia karoti na kitunguu kingi. Majani ya maboga niliyachuma asubuhi yakiwa bado na umande. Parachichi, ambalo kwetu lilikuwa chakula cha watoto na nguruwe, nililiweka mezani kwa heshima, limekatwa vipande na kukamuliwa ndimu. Na karibu kila siku kulikuwa na kiburu, zile ndizi mbichi na maharage vinavyopikwa sufuria moja mpaka vikapondeka, kwa sababu mama alikipenda na karatasi ilikuwa imetaja ndizi na maharage kwa majina yao.

Kiburu hakipikwi bila magadi. Kila jiko la mlimani kwetu lina kopo lake la magadi, yale mawe ya kijivu yanayopanda kutoka nchi kavu ya Wamasai. Unaloweka jiwe, unaliacha litulie, unamimina yale maji ya juu sufuriani, na maharage yaliyokuwa yakigoma kwa saa tatu yanalainika kwa saa moja. Mboga chungu nayo inapoa ukali. Sikumbuki kufundishwa kutia magadi. Ni kama kufundishwa kuwasha moto. Karatasi ya nesi haikuyataja, nami wala halikunijia wazo la kuuliza, kama ambavyo nisingeuliza kuhusu kuni.

Wiki za kwanza zilikuwa za mateso. Mama alikuwa akitia tonge kinywani, analizungusha, analimeza kwa kufumba macho kama anayekunywa klorokwini. Alikonda. Ndipo nikagundua kwamba nikizidisha maji ya magadi, badala ya kikombe cha chai kimoja nikatia viwili, chakula kinapata namna ya ladha, kinashika ulimi kidogo, na mama anamaliza sahani. Nilifurahi kama niliyevumbua dawa. Tangu hapo nikawa natia viwili, na kwenye mnafu, ile mboga chungu, pia nikatia.

Baba hakukubali kupikiwa kivyake. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka arobaini alinyunyiza chumvi kwenye chakula kabla hajakionja. Nilipomwambia nitamtengea sufuria yake alitikisa kichwa. "Mama yako hali chumvi, mimi nile nikimtazama? Pika moja." Akala hivyo miaka yote miwili, hajanung'unika hata siku moja, na mimi nilimpenda kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote alilowahi kunifanyia.

Sifa zikaenea. Mama mmoja wa jumuiya yetu, jirani wa ng'ambo ya mfereji, ambaye mumewe naye aliambiwa ana presha, alikuja na daftari la mwanawe la hesabu ili niandike. Nikamwandikia karatasi yote ya nesi. Nikamwongezea na siri yangu ya vikombe viwili. "Aika mae," akanishukuru kwa Kichagga, akinishika mikono yote miwili. "Umesomea wapi mambo haya?" Nikajibu kwa madaha kwamba mtu hujifunza popote. Ndivyo nilivyokuwa siku hizo, mjuaji wa kutupwa.

Presha haikushuka. Kila mwezi tulikwenda zahanati ya misheni, na kila mwezi mganga alitazama ule mshale wa mashine akakunja uso. Wakambadilishia dawa, wakamwongezea. Mwaka ulipokwisha, mganga aliniita pembeni akaniuliza taratibu kama nina hakika mama hali chumvi mahali. Wagonjwa wengi, alisema, hudanganya. Kwangu mimi jibu lilikuwa moja tu. Jikoni kwangu chumvi hakuna, mimi ninajua ninachopika, kwa hiyo mama anakula kwa siri.

Nikaanza kumchunga. Naandika hili kwa aibu, lakini nimeamua kuliandika. Akitoka kwa jirani nilimwuliza alikula nini. Nilikagua fundo la kanga yake. Nilikagua kikapu cha nyuzi. Siku moja alikuwa amelala mchana nikainama nikanusa vidole vyake. Akafumbua macho.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Mama, unaiba chumvi wapi?"

Alikaa kitandani, akavaa kitambaa chake kichwani polepole, akakifunga vizuri kama anayejiandaa kwenda kanisani. "Mimi? Kuiba?"

"Presha haipandi yenyewe. Mimi ninahangaika jikoni kutwa kucha, wewe unaniharibia kazi. Unataka kufa?"

"Sijaonja chumvi tangu siku ile uliyoimwaga," alisema. "Nikuapie kwa nini? Nikuapie kwa kaburi la mama yangu?" Machozi yakamtoka. Nikamwambia asiape, aache tu kula ovyo. Baba alikuwa nje akipasua kuni, alisikia yote, akaacha kupasua. Hakuingia.

Tangu siku ile mama hakula tena kwa mtu. Kwenye jumuiya alikataa hata chai. Kwenye ubatizo na arusi alikaa na mikono mapajani huku wenzake wakila, na wakimbembeleza anasema ameshiba. Baadaye akaacha kabisa kwenda, maana kukaa na watu wanaokula kuna mwisho wake. Alikuwa mwanamke wa watu, mwenye kicheko kilichosikika mpaka ng'ambo ya mfereji, na mimi nikamfungia ndani ya uzio. Nikajiambia sasa presha itashuka.

Kila mwaka ikifika Agosti tulikuwa na desturi ya kuteremka Chekereni kwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa kwenye mpunga. Miezi hiyo mlimani ukungu hukaa wiki nzima bila kuondoka, nguo hazikauki, mifupa inauma, na watu huota jua kwa kulisimulia. Chini kule jua lipo. Mwaka wa pili wa ugonjwa tulikwenda wote watatu kwenye pikapu ya mnunuzi wa ndizi, mama mbele na dereva, mimi na baba nyuma juu ya mikungu. Nilikuwa nimebeba chupa kubwa ya chakula, imejaa kiburu, kwa ajili ya mama.

Ile ndiyo siku ya mwisho nzuri tuliyopata. Mama alivua sweta, akavua na viatu, akakaa ukingoni mwa mfereji wa kumwagilia, akaingiza miguu majini kama msichana. Majaruba yalikuwa yamevunwa, ndege wamejaa kwenye mabua. Alicheka na mdogo wake kwa Kichagga, mambo ya utoto wao, mimi sikuyapata yote. Baba alilala kwenye nyasi, kofia usoni. Nilimtazama mama nikafikiri, anapona.

Mama mdogo alikuwa amechinja jogoo, amepika wali wa mpunga mpya. Harufu yake ilitufuata mpaka mferejini. Mkeka ukatandikwa, sinia likaletwa, na mama akanitazama mimi. Alinitazama tu, mwanamke wa miaka hamsini na nane, akingoja ruhusa ya binti yake. Nikafungua chupa nikampakulia kiburu.

"Hata kijiko kimoja?" mama mdogo aliuliza. "Wali tu, mchuzi nisimwekee?"

"Una chumvi, mama mdogo."

"Kidogo mno."

"Hata kidogo."

Mama akala kiburu chake. Tulipoondoka, mama mdogo alinipa mfuko wa magadi mazuri, meupe kuliko yale ya sokoni, aliyoyanunua kwa Wamasai wanaopita na punda. "Basi angalau hii," alisema, "chakula chenu kipate uhai." Nikamshukuru sana. Yalikuwa yanatosha miezi mitatu. Yalitosha miwili.

Mama alianguka mwezi wa kumi, saa nne asubuhi, akimenya ndizi za kiburu. Nilisikia kisu kikigonga sakafu. Nilipofika alikuwa ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, anataka kusema jina langu na linatoka kama maji. Vijana walimbeba kwenye machela ya kanisa mpaka barabarani. Daktari alisema ni kiharusi, mshipa umepasuka kichwani, tusubiri. Upande wote wa kulia ulikuwa umekufa, pamoja na mkono ule wa kufumia.

Siku ya tatu wodini, nesi wa zamu alikuwa mama mtu mzima, Mchagga mwenzetu wa Machame. Nilimwamkia shikamoo, nikaanza kumweleza kwa uchungu, karibu kwa kulalamika, kwamba tumefanya kila kitu. Nikamtajia karatasi yote, neno kwa neno. Alisikiliza huku akimgeuza mama ubavu.

"Na magadi mnatia?"

"Ya kulainishia tu. Chumvi hatutii kabisa."

Akamaliza kumgeuza. Akamfunika vizuri, akanishika mkono, akanitoa mpaka kwenye ukumbi wa nje. "Mwanangu," alisema, "magadi na chumvi ni ndugu wa tumbo moja. Kile kitu kinachopandisha presha kwenye chumvi, kwenye magadi kimo, tena tele. Hakuna aliyewaambia?"

Nilimwambia hakuna. Akasema wageni hawajui kwamba sisi tunatia, na sisi hatusemi kwa sababu hatuoni kama ni kitu. Alisema si kosa langu. Nilimwona midomo ikienda. Mimi nilikuwa nahesabu vikombe, viwili kwa siku, na mnafu wake, miaka miwili, nikimimina mimi, nikichochea mimi, nikisimama pale kuhakikisha sahani imekwisha.

Niliporudi kitandani nilimwambia mama. Niliinama sikioni kwake nikamwambia kwamba hakuiba, kwamba ni mimi, ni magadi, anisamehe. Jicho lake la kushoto lilinitazama. Nikamshika ule mkono uliobaki hai nikamwomba anibane kidole kama amesikia. Sikupata kitu. Labda hakusikia. Labda alisikia, na hakuwa na nguvu. Kuna uwezekano wa tatu ambao nimeishi nao mpaka leo, nao ni kwamba alisikia, nguvu alikuwa nazo, na hakutaka. Alikufa siku ya tisa.

Baba sikumwambia. Watakaosoma habari hii watanilaumu, na walaumu. Alikuwa amezeeka ndani ya siku tisa, anatembea akishika kuta, na kila aliyekuja kutoa pole alimwambia jambo lilelile, kwamba mama alipata binti wa kumtunza, asiyelala, asiyechoka. Maneno hayo yalikuwa ndiyo fimbo yake ya kuegemea. Nilijiambia nitamwambia baadaye. Najijua, nisingemwambia.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mchana, wanawake wa jumuiya walikuwa uani wakisugua masufuria ya msiba. Baba alikaa kwenye benchi la barazani, karibu nao, apate sauti za watu. Mimi nilikuwa nasuuza. Yule jirani wa ng'ambo ya mfereji, aliyewahi kuja na daftari, alinyoosha mgongo akawaambia wenzake, "Mwoneni huyu. Miaka miwili, mama yake hakuonja chumvi. Mimi mzee wangu ninampikia vilevile alivyonifundisha. Chumvi hakuna, magadi vikombe viwili. Anakula mpaka analamba."

Wanawake wakaitikia kwa sauti za kusifu. Baba naye alitikisa kichwa kukubali, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali uso wake ukalegea. "Ni kweli," alisema. "Bila huyu tungekuwa tumemzika zamani."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji. Nilimfahamu yule mzee wa jirani. Alikuwa akipiga ngoma kwenye kwaya, na kila Jumapili aliniuliza nitaolewa lini. Ningeweza kungoja. Ningeweza kwenda kwake kesho yake, peke yangu, nikamnong'oneza mkewe, na baba asijue kamwe. Lakini vile vikombe viwili vingepikwa jioni ileile, na mimi kesho zangu nilikuwa nazijua.

"Mama," nikamwambia yule jirani, "acha magadi. Kuanzia leo. Yanapandisha presha sawasawa na chumvi."

Kusugua kukakoma. "Nani kasema?"

"Nesi. Hospitali."

Alinitazama mimi, kisha akamtazama baba, akatazama chini. Baba ni mtu wa kufikiri taratibu.

"Lakini sisi tulikuwa tunatia," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Kila siku."

"Ndiyo, baba. Kila siku."

Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kuweka mambo vizuri kichwani. "Na mama yako ulimwambia anaiba."